Misuli inapoyeyuka: Madhara fiche ya maradhi ya uvimbe wa matumbo kwa watoto

MTOTO anapolalamikia tumbo mara kwa mara, wazo la kwanza la mzazi huwa ni minyoo. Dawa ya minyoo isipofaa, hushukiwa amiba, kisha homa ya matumbo, na kila mara familia hurejea nyumbani kutoka zahanati na tembe za kuua viini ambazo hutuliza mambo kwa wiki moja au mbili tu. Tumbo huanza kusokota tena. Choo huwa chepesi, wakati mwingine kikiwa na damu. Miezi hupita, na kinachoonekana na wote ni kwamba mtoto amekuwa mlegevu, hataki kucheza na wenzake, na sare ya shule imeanza kumpwaya.

Kwa baadhi ya watoto, kiini cha masaibu hayo huwa ni maradhi ya uvimbe wa matumbo. Haya ni maradhi ya kudumu ambayo hayaletwi na minyoo wala maji machafu. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na viini kutoka nje, huzishambulia kuta za utumbo wenyewe na kuziacha zikiwa zimevimba na kufanya vidonda.

Maradhi hayo ni ya aina mbili kuu. Aina ya kwanza hushambulia utumbo mpana pekee na kuuachia vidonda. Aina ya pili ni maradhi ya Crohn, yanayoweza kushika sehemu yoyote kuanzia mdomoni hadi kwenye njia ya haja kubwa, ingawa aghalabu huchagua mwisho wa utumbo mwembamba. Jina hilo linatokana na Burrill Crohn, daktari wa New York ambaye pamoja na wenzake Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer waliyaeleza mnamo 1932. Mpasuaji wa Scotland, Kennedy Dalziel, alikuwa ameeleza hali iyo hiyo tangu 1913, lakini historia haikumpa heshima ya jina.

Kwa miaka mingi maradhi haya yalichukuliwa kuwa ya Wazungu. Dhana hiyo sasa imepitwa na wakati. Tathmini iliyochapishwa 2017 katika jarida la kimatibabu la Lancet ilionyesha kwamba tangu miaka ya tisini visa vipya vimekuwa vikiongezeka katika mataifa ya Afrika, Asia na Amerika Kusini ambayo uchumi na maisha yake yanabadilika kwa kasi. Takriban robo ya wagonjwa wote hugunduliwa kabla ya kutimiza umri wa miaka 20, na wengi wa hawa ni watoto wanaokaribia kubaleghe au walio katikati ya mabadiliko hayo.

Umri huo ndio unaoyafanya mambo kuwa magumu. Mtu mzima anapougua, hupoteza alichokwisha kujenga. Mtoto hupoteza hata kile ambacho hajakijenga bado.

Mashabiki wa soka watamkumbuka Darren Fletcher, kiungo wa Manchester United na timu ya taifa ya Scotland. Mnamo Desemba 2011, klabu yake ilitangaza kwamba angepumzika kwa muda mrefu kwa sababu ya vidonda vya utumbo mpana. Alifanyiwa upasuaji Januari 2013, akarudi uwanjani kabla ya mwaka huo kwisha, na hatimaye akawa nahodha wa West Bromwich Albion. Fletcher alikuwa na mwili wa mwanaspoti uliojengwa kwa miaka mingi kabla ya ugonjwa kumlemea. Mvulana wa miaka 12 hana akiba ya namna hiyo.

Akiba inayozungumziwa hapa ni misuli. Wengi huihusisha misuli na nguvu za kubeba mizigo au kupiga mpira, na huishia hapo. Ukweli ni kwamba misuli ndiyo ghala kubwa la protini mwilini. Mtu anapougua, mwili huifungua ghala hiyo na kuchota humo malighafi ya kutengeneza chembe za kinga na kurekebisha majeraha. Misuli pia husaidia kudhibiti sukari katika damu, na ile iliyo kifuani ndiyo inayotuwezesha kuvuta pumzi na kukohoa. Zaidi ya hayo, kila msuli unapokaza huuvuta mfupa ulioshikamana nao, na mvuto huo ndio unaouamrisha mfupa ujiimarishe.

Sasa tatizo lenyewe. Mnamo 2005, watafiti wa Philadelphia nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa zaidi ya watoto na vijana 100 wenye maradhi ya Crohn, wakiwalinganisha na wenzao wenye afya. Walitumia mashine ya eksirei yenye miali hafifu ambayo huweza kutenganisha mafuta, mifupa na nyama ya mwili. Baada ya kuzingatia kimo cha kila mmoja, waligundua kwamba wagonjwa walikuwa na upungufu wa misuli lakini mafuta yao hayakuwa yamepungua.

Matokeo hayo yana uzito kuliko yanavyoonekana. Mtoto anayekosa chakula tu, kwa mfano wakati wa ukame, kwanza huchoma mafuta yake na mwili hujitahidi kuilinda misuli. Kwa mtoto mwenye uvimbe wa matumbo, utaratibu huo hupinduliwa: nyama huliwa kwanza, mafuta yakabaki. Kwa hivyo hii si njaa ya kawaida, na haiponi kwa kuongezewa ugali pekee.

Ndiyo maana mizani inaweza kudanganya. Mtoto akipandishwa juu yake, husoma kilo 35 bila kueleza ni ngapi kati ya hizo ni misuli na ni ngapi ni mafuta. Mama huambiwa kwamba uzito 'unaridhisha', ilhali mapaja ya mwanawe yamekuwa laini na miguu haina nguvu ya kumpandisha ngazi. Nchini Kenya wahudumu wa afya wa jamii hutumia utepe wa rangi kupima mzingo wa mkono wa mtoto wa kati ya miezi 6 na 59. Mzingo ukiwa chini ya sentimita 11.5, utepe husoma nyekundu na mtoto hupelekwa kupata matibabu ya utapiamlo mkali. Huo ni mpango mzuri uliookoa wengi. Lakini mtoto akishatimiza miaka mitano, kile kijitabu cha kliniki hufungiwa sandukuni na ni nadra tena kwa mtu yeyote kumpima kwa mfululizo, si mkono wala kimo. Maradhi ya uvimbe wa matumbo kwa kawaida huja baada ya hapo.

Je, misuli hiyo huenda wapi? Sababu ya kwanza ni ile ambayo kila mzazi anaweza kuiona. Mtoto hula kidogo. Amejifunza kwamba kila akila, tumbo humuuma na lazima akimbilie chooni, basi anaepuka chakula bila hata kusema. Midomo nayo inaweza kuwa na vidonda. Hata kile kidogo anachokula hakimfaidi chote, kwa kuwa utumbo uliovimba haufyonzi ipasavyo, na kupitia vidonda vyake protini na damu huvuja na kutoka pamoja na choo. Hapo ndipo hutokea upungufu wa madini ya chuma, na mtoto huchoka kabla hata ya kufika uwanjani.

Sababu ya pili haionekani kwa macho, na pengine ndiyo nzito zaidi. Chembe za kinga zinazopigana ndani ya kuta za utumbo humwaga kemikali kwenye damu za kuitana na kuchocheana. Kemikali hizo hazibaki tumboni; husafiri na damu hadi kila pembe ya mwili. Zikifika kwenye ubongo, huzima hamu ya chakula. Zikifika kwenye ini, hulizuia kutii homoni ya ukuaji, kwa hivyo ini halitoi kwa wingi ile homoni nyingine inayoiamrisha mifupa na misuli ikue. Zikifika kwenye misuli yenyewe, huwasha mitambo ya kuvunjavunja protini ambayo kila chembe hai inayo kwa ajili ya kuondoa protini kuukuu.

Ikumbukwe kwamba misuli hujengwa na kubomolewa kila siku hata kwa mtu mwenye afya. Kinachohitajika ni ujenzi uwe sawa na ubomoaji, na kwa mtoto anayekua, ujenzi uzidi. Uvimbe wa matumbo huongeza kasi ya ubomoaji na wakati huohuo kupunguza ile ya ujenzi. Mtoto anaweza kupewa mayai na nyama kila siku na bado asinenepe mikono, mradi moto ulioko tumboni haujazimwa.

Halafu kuna dawa. Tembe za prednisolone zimetumiwa kwa miongo mingi kutuliza uvimbe huu, na hutuliza kwa haraka: katika siku chache mtoto huanza kula na maumivu hupungua. Wazazi hufurahi wanapoona mashavu yamejaa. Lakini dawa hii, ikitumiwa kwa muda mrefu, yenyewe hubomoa protini ya misuli, hudhoofisha mifupa na kudumaza kimo. Uso huwa wa mviringo, tumbo hujaa mafuta, huku mikono na miguu ikizidi kuwa miembamba. Mizani hupanda na kila mtu husema mtoto amepona. Hili halimaanishi kwamba mzazi aitupe dawa hiyo. Kuikatiza ghafla baada ya wiki kadhaa kunaweza kuhatarisha maisha, kwa kuwa mwili huwa umeacha kutengeneza homoni yake ya aina hiyo. Daktari hupunguza kipimo hatua kwa hatua, na anapaswa kuwa na mpango wa dawa nyingine ya kumdumisha mtoto bila prednisolone.

Sababu ya mwisho ni kukaa kitako. Watafiti wa Munich, Ujerumani, walichapisha 2012 matokeo ya kuwafuatilia watoto ambao maradhi yao yalikuwa yametulia au yamebaki madogo. Ungedhani hao wako sawa na wenzao. Hawakuwa. Nguvu za kubana kwa kiganja zilikuwa chini ya zile za watoto wenye afya, na walitembea hatua chache zaidi kwa siku. Kwa maneno mengine, tumbo linaweza kutulia na misuli ikabaki nyuma. Mtoto aliyezoea kutocheza huendelea kutocheza, na misuli isiyotumiwa haina sababu ya kukua.

Gharama ya haya yote hulipwa na mifupa. Sehemu kubwa kabisa ya uimara wa mifupa ambao mtu atautegemea uzeeni huwekwa kabla ya miaka ya ujana kwisha. Misuli ikiwa dhaifu katika kipindi hicho, mifupa hukosa ule mvuto wa kuiimarisha, nayo hubaki myembamba. Kubaleghe huchelewa pia. Msichana wa miaka 15 hajaona hedhi, mvulana wa umri huo bado ana sauti na kimo cha mtoto wa darasa la tano, na wenzake wanamtania. Mlango wa kukua hufungwa mifupa inapokomaa mwishoni mwa kubaleghe. Matibabu yakija baada ya hapo, tumbo litapona lakini kimo kilichopotea hakitarudi.

Kwa bahati nzuri, kuna njia za kuirudisha misuli, na inayoshangaza zaidi haina hata tembe. Kwa watoto wenye maradhi ya Crohn, madaktari wa Ulaya na kwingineko huanza matibabu kwa lishe ya majimaji pekee. Kwa muda wa wiki 6 hadi 8 mtoto hunywa maziwa maalumu yenye protini, mafuta, vitamini na madini yote anayohitaji, bila kula chakula kingine. Akishindwa kunywa, hupitishiwa kwa mrija mwembamba wa puani. Karibu watoto 8 kati ya 10 hupata nafuu kwa njia hiyo, kiwango kinachokaribiana na kile cha prednisolone. Tofauti ni kwamba utando wa utumbo hupona vyema zaidi, na uzito unaoongezeka huwa na misuli ndani yake. Njia hii haijaonyesha manufaa hayo kwa vidonda vya utumbo mpana. Pia si rahisi. Kumtaka mtoto wa miaka 11 aketi mezani na nduguze wanaokula chapati huku yeye akinywa maziwa yaleyale kwa siku 50 kunahitaji familia yenye subira, na maziwa hayo hayauzwi kwa bei ya maziwa ya dukani.

Njia nyingine ni dawa za kudungwa zinazonasa mojawapo ya zile kemikali za uvimbe kabla haijaleta madhara. Ya kwanza, infliximab, iliidhinishwa Marekani kwa watu wazima wenye maradhi ya Crohn mnamo 1998 na kwa watoto mnamo 2006. Huingizwa mshipani kwa dripu. Baada ya dozi tatu za mwanzo hurudiwa kila wiki 8. Utafiti mdogo wa Australia uliochapishwa 2015 ulipima mapaja ya watu wazima waliotibiwa kwa dawa hiyo, na ukaonyesha kwamba misuli iliongezeka ukubwa na nguvu. Kwa watoto wanaotibiwa kabla ya kubaleghe kukamilika, kimo nacho huanza kufidiwa. Nakala za dawa hiyo zinazotengenezwa na kampuni nyingine, na ambazo zilianza kuidhinishwa Ulaya mnamo 2013, zimeshusha bei, ingawa bado ni ghali kwa familia ya kawaida.

Hapa lazima itajwe hatari moja inayowahusu watu wa Afrika Mashariki hasa. Mnamo 2001 iliripotiwa kwamba infliximab inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini. Kenya ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, kwa hivyo hakuna mtoto anayepaswa kuanzishiwa dawa hiyo kabla ya kupimwa. Isitoshe, kifua kikuu chenyewe huweza kushika matumbo, hasa palepale ambapo utumbo mwembamba unaungana na ule mpana, na kuleta dalili zilezile: kukonda, homa, maumivu na kuhara. Kuyatenganisha maradhi haya mawili huwatatiza hata mabingwa. Huhitaji kamera ya kuingizwa utumboni na vipande vidogo vya nyama vikapimwe maabarani. Kumpa mwenye kifua kikuu dawa za kufifisha kinga kwa kudhani ana maradhi ya Crohn ni kumuongezea balaa.

Kipimo hicho cha kamera hakipatikani kila mahali, na madaktari bingwa wa matumbo ya watoto ni wachache na wengi wao wako mijini. Hata hivyo, kuna mambo ambayo hayahitaji mitambo. Daktari yeyote anaweza kupima kimo na uzito kila baada ya miezi michache na kuvichora kwenye chati. Mstari wa kimo unaolala kwa mwaka mzima ni onyo kubwa hata kama tumbo haliumi. Mzingo wa mkono unaweza kupimwa kwa futi ya fundi cherehani na kulinganishwa na wa miezi iliyotangulia. Mtoto anaweza kuombwa ainuke kitini mara kadhaa bila kujishika. Vidonda visivyopona karibu na njia ya haja kubwa, damu kwenye choo, kuamka usiku kwenda msalani, na kuhara kunakozidi wiki nne ni sababu tosha za kuacha kurudia dawa za amiba na kuomba barua ya kwenda hospitali kubwa.

Kuhusu chakula, upotovu ni mwingi. Kuna wazazi wanaoambiwa wamwondolee mtoto nyama, mayai, maziwa na maharagwe kwa pamoja, na kumbakishia uji mwepesi na viazi. Lishe kama hiyo huikamilisha kazi ambayo ugonjwa ulianza. Mtoto anayejenga misuli upya anahitaji protini katika kila mlo: mayai, samaki, kuku, maziwa au mala kama tumbo linayastahimili, ndengu na maharagwe yaliyoiva vizuri. Omena, ambao aghalabu hudharauliwa, wana protini na chokaa ya mifupa pia. Tahadhari ni kwa mtoto ambaye utumbo wake umekuwa mwembamba kwa sababu ya makovu. Huyo huepushwa na vyakula vyenye nyuzi ngumu kama vile mahindi ya kuchoma na maganda ya matunda, kwani vinaweza kukwama. Hilo huamuliwa na daktari na mtaalamu wa lishe baada ya kuupiga picha utumbo wenyewe.

Protini bila mazoezi nayo haifiki mbali. Ugonjwa ukishatulia, mtoto anapaswa kurudi kwenye kuruka kamba, kukimbia, kupanda milima na kuchota maji kwa mtungi unaolingana na nguvu zake. Michezo inayoubebesha mwili uzito wake ndiyo inayoifaa misuli na mifupa kwa pamoja. Aanze kidogo. Wakati maradhi yamewaka, akiwa na homa au damu imepungua sana, apumzike.

Linalosahaulika ni shule, na zaidi shule ya bweni. Mtoto wa namna hii huficha hali yake kwa aibu. Vyoo viko mbali, vingine havina milango, na mwalimu hukataa kumruhusu atoke mara ya tatu katika kipindi kimoja. Suluhisho lake huwa ni kutokula. Hukipitisha chakula cha mchana kwa jirani yake mezani ili tumbo lisimfedheheshe darasani, na kufikia likizo amepoteza kilo alizoongezewa hospitalini kwa shida na gharama. Barua fupi ya daktari kwa mwalimu mkuu na mlezi wa bweni yaweza kuzuia hayo: iseme kwamba ugonjwa hauambukizi, aruhusiwe kwenda msalani bila kuomba, dawa zake ziwekwe na mlezi, apewe yai na maziwa pale wengine wanapopewa chai ya rangi, na asiondolewe kwenye kipindi cha michezo isipokuwa siku ambazo yeye mwenyewe anasema hawezi.